Mbwa wa Brigita na Maagizo ya Mtani

Ukifika Likawage ukauliza nyumba ya Brigita Mbonde, usishangae watu wakianza kucheka kabla hawajakuonyesha njia. Hawakucheki wewe. Wamekumbuka tu neno alilolisema kwenye msiba wa juzi, au wa kabla ya huo. Brigita ni Mngindo, na Wangindo na Wangoni ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka, wakaona heri wachekane. Basi akifa Mngoni popote ambapo lori linafika, Brigita atakuwapo. Atalala kizingitini jeneza lisipite. Atavaa kofia ya marehemu na kutembea kama alivyokuwa akitembea mwenyewe. Atamwambia mjane kwamba mumewe alikuwa mvivu hata wa kufa, ndiyo maana amechukua muda mrefu hivyo. Na mjane, kamasi puani, atacheka. Kazi hii haina mshahara, lakini Brigita anaipenda kuliko kulima, na kulima anakupenda sana.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye mikono minene na uso usiotoa siri. Hapo ndipo ulipo ufundi wake: hacheki. Hukuambia jambo la kukuvunja mbavu huku amekunja uso kama anayesoma somo kanisani. Mtu anayecheka utani wake mwenyewe, kwa maoni ya Brigita, ni mwanafunzi bado.

Mumewe, Clemence, alipofariki, ndugu wa mume walikuja kwa upole wakamshauri arudi kwao. Shamba la bondeni lina nguruwe pori, walisema, mwanamke peke yake ataliweza wapi. Brigita aliwasikiliza, akawapikia, akawasindikiza hadi njiani. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwindaji mmoja akarudi na kitoto cha mbwa, rangi yake kama makopa ya muhogo yaliyokauka, akakiita Sihami. Tangu hapo kila jioni, akipita mbele ya nyumba ya shemeji yake Augustine, alipaza sauti: "Sihami! Sihami, twende nyumbani." Augustine si mtu mbaya. Mwaka wa kwanza alinuna, wa pili akazoea, wa tatu akaanza kumwekea Sihami mifupa.

Mbwa yule alikuja kuwa kiungo cha mwili wa Brigita. Msimu wa mihogo alilala juu ya dungu lake shambani, Sihami chini ya ngazi, na nguruwe walijifunza kwenda kuchimba kwa majirani. Bila Sihami hakuna shamba, na bila shamba Brigita angelazimika kuufungasha mzigo ule ambao shemeji zake walitaka kumfungia miaka ile. Hilo alilijua yeye, na Augustine alilijua, na ndiyo sababu siku mbwa alipoumia hakuna aliyethubutu kulisema.

Ilikuwa alfajiri. Nguruwe dume aliingia kwenye mihogo, Sihami akamrukia, na nguruwe akamkung'uta kwa pua mara moja tu. Mbwa aliruka hewani akaangukia mgongo juu ya kisiki. Brigita alishuka kwenye dungu na panga mkononi, lakini nguruwe alikwisha kwenda zake. Sihami alikuwa anajikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma inamfuata kama nguo iliyofuliwa. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama Brigita kama anayeomba radhi kwa kuacha kazi.

Augustine alikuja, akachuchumaa, akatikisa kichwa. "Shemeji, huyu mgongo umekwisha. Tumpumzishe."

"Wewe ulisema mimi nimekwisha miaka minane iliyopita," Brigita akamjibu. "Nisaidie kung'oa mlango wa jiko."

Kila walipojaribu kumwinua mbwa alipiga kelele ya kuchana moyo, ila akilazwa mahali palipo sawa alinyamaza. Basi wakamlaza juu ya mlango wa jiko, Brigita akamfunga kwa kanga mbili, shingoni na kiunoni, na mlango mzima ukapandishwa juu ya lori lililokuwa linateremsha ufuta kuelekea Nangurukuru. Brigita alikaa kando yake njia nzima, mkono mmoja umeshika mlango na mwingine umeshika mdomo wa mbwa, na kwa mara ya kwanza tangu dereva yule amfahamu, hakumtania mtu yeyote.

Alijua anakokwenda. Mwaka uliotangulia watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa walipita Likawage, na kati yao alikuwako daktari wa mifugo mrefu, mkimya, mwenye zahanati yake ya wanyama Kilwa Masoko. Alipojitambulisha kwamba anaitwa Eusebio Komba, Brigita alimuuliza ni Komba wa wapi.

"Wa Songea, mama. Shikamoo."

"Shikamoo yako irudishe mfukoni. Mngoni haniamkii, Mngoni nahesabu kuku akishapita."

Daktari alimtazama bila kutikisa hata unyusi. "Kumbe Mngindo. Nilidhani mlikwisha wote mlipokuwa mnakimbia babu yangu." Brigita alimpenda pale pale. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kutania bila kucheka.

Sasa mlango wa jiko uliwekwa juu ya meza ya daktari huyo huyo. Msaidizi wake, Mwanaidi, dada wa Kilwa Kisiwani mwenye hijabu ya buluu na glovu hadi viwikoni, alizifungua kanga polepole. Daktari alipapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, kisha akachukua koleo dogo akaufinya ukucha wa mguu wa nyuma, akaubana kwa nguvu. Mguu ulijivuta kidogo. Daktari hakujali mguu. Alikuwa anamtazama mbwa usoni. Sihami aligeuza shingo, akakunja pua, akamwonyesha meno.

"Vizuri," daktari akasema. "Mguu kujivuta peke yake hakuna maana. Lakini amegeuka kunitafuta. Maumivu yamefika kichwani, kwa hiyo njia imebanwa, haijakatika."

Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili zimeachana mstari chini ya mbavu, na kipande cha mfupa kimeingia ndani kukandamiza ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita katikati ya mgongo. Daktari alimweleza Brigita kwa vidole: atafungua mgongo, atatoa paa la mfupa juu ya mshipa ili upumue, atazirudisha pingili kwenye mstari, kisha atazifunga pamoja kwa skrubu na saruji ya mifupa. Huenda mbwa akatembea, huenda asitembee. Wakichelewa hata kidogo, hatatembea.

"Umewahi kufanya?" Brigita akauliza.

"Nilipokuwa Morogoro, mara kadhaa."

"Na mbwa walitembea?"

"Wengi. Lakini walikuwa mbwa wa Wangoni, wana mifupa migumu."

Alisema hivyo bila kutabasamu, na Brigita akajikuta anapumua tena. Fedha ya ufuta ilikuwapo mwaka ule, akasema mbwa apasuliwe.

Dirisha la chumba cha upasuaji lilitazama uani, na Brigita alisimama hapo, hakuna aliyemfukuza. Aliona Sihami akipewa nusu kaputi, ulimi ukatoka nje, mgongo ukanyolewa ukabaki mweupe kama wa mtoto. Aliona kisu kikipita katikati, nyama zikisogezwa pembeni, kisha koleo lenye mdomo mdogo likimega mfupa chembe kwa chembe, taratibu, kama mtu anayemega ganda la yai bila kutaka kugusa ute. Daktari hakusema neno ambalo halikuwa jina la chombo. Mwanaidi alimpa kila kitu kabla mkono haujanyooka. Humo ndani hapakuwa na Mngoni wala Mngindo. Jambo hilo Brigita aliliona kwa macho yake mawili, na angelikumbuka mapema, mambo mengi yasingetokea.

Walipotoka, Mwanaidi alikwenda bombani uani. Hapo pana ndoo ya udongo safi iliyofunikwa. Alinawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama anavyonawa kila anapomaliza kushika mbwa, kisha akamwambia Brigita, "Mama, mshipa ulikuwa mzima. Nimeuona."

Siku zile za Masoko Brigita alilala kwa daktari, chumba kimoja na mama yake daktari, Bibi Marietha, kikongwe wa Kingoni aliyeletwa pwani na mwanawe na hakuacha kulaumu joto. Walipendana kwa matusi. Bibi Marietha alikuwa na tabia ya kuuliza "Nani?" kila mlango ukigongwa, hata anapomwona mgonga mlango, na kila chakula alichoonjeshwa alikihukumu kwa neno moja: "Kimejitahidi." Ugali wa Brigita ulijitahidi asubuhi na jioni. Baada ya chai walikaa wawili barazani wakibishana babu wa nani alimkimbia nani, na kwa sababu hiyo Brigita alichelewa kufika zahanati kila siku. Kila alipofika, Mwanaidi alikwisha kumhudumia mgonjwa nyuma ya pazia, amemgeuza ubavu, amemsafisha, amekauka. Brigita hakuwahi kuona anahudumiwaje.

Daktari alipanga kumwonyesha yote siku ya kuondoka. Lakini siku hiyo lori lilikuja mapema, dereva akawa anapiga honi barabarani kama mwenye wazimu, na maagizo yakatolewa huku mlango wa jiko unabebwa kuelekea nje, daktari ameshika upande mmoja, Brigita upande wa pili.

"Akae kwenye boksi jembamba, asiruke, asipande kitu," daktari alisema.

"Sawa."

"Umgeuze ubavu kila mara, asipate vidonda."

"Sawa."

"Miguu ya nyuma umwendeshe baiskeli. Akiwa amelala, unaishika, unaizungusha, hivi."

Brigita alimtazama. Uso wa daktari ulikuwa mkavu kama kuni.

"Baiskeli," Brigita akasema.

"Ndiyo. Na mkojo hawezi kuutoa mwenyewe kwa sasa. Umkamue. Asubuhi, mchana na jioni. Unamshika tumbo kwa mikono miwili, huku na huku, unabana polepole mpaka utoke wote."

Hapo Brigita, ambaye hacheki, alicheka. Alicheka mpaka mlango ukayumba na Sihami akainua kichwa. Alijiona njiani Likawage, mwanamke mzima, Mkristo, anamkamua mbwa mkojo kama anayekamua mbuzi, watoto wamejipanga pembeni, na huyu Mngoni kule pwani anakunywa chai akijua amempata. Ulikuwa utani mkubwa kuliko wote aliowahi kufanyiwa, na akauheshimu. Daktari naye, akidhani mama wa watu anacheka kwa furaha ya mbwa wake kupona, akacheka. Mwenyewe alikuwa hajalala vizuri na kicheko kilimtoka kirahisi. Kwa Brigita hilo likawa muhuri.

"Na nimwimbie?" akauliza akifuta macho.

"Mwimbie," daktari akasema, bado anacheka. "Ukimwimbia, mgongo unaunga haraka."

Honi ikalia, lori likaondoka.

Basi Brigita, akishafika nyumbani, akaketi akayachambua maagizo ya mtani wake kama anavyopepeta ufuta. Boksi, kweli. Kugeuza, kweli. Baiskeli, utani. Kukamua, utani wa wazi. Kuimba alikufikiria kwa muda mrefu. Mgonjwa huimbiwa, mtoto huimbiwa, hata kanisani huimbiwa. Kuimba kulikuwa na akili. Hivyo Likawage nzima ikamsikia akimwimbia mbwa nyimbo za Mama Maria asubuhi, mchana na jioni, kwa sauti yake ile nene, na Augustine akapita akaketi akaitikia kiitikio.

Mkojo ulionekana unatoka. Matone madogo madogo yalilowesha matambara kila wakati, na Brigita akaona hayo yanatosha. Lakini Sihami akaacha kula. Tumbo likawa gumu, pua ikapata joto, akawa anatazama ukuta. Brigita aliimba zaidi. Siku mbwa alipokataa hata mfupa kutoka mkononi mwa Augustine, aliingiwa na hofu ya kweli, ile ambayo hakuwa nayo hata siku ya nguruwe.

Likawage simu inashika sehemu moja tu, penye mzani wa ghala la ufuta. Msimu ulikuwa umekolea. Kijiji kizima kilikuwa pale na magunia, kimepanga foleni, kinasubiri kupima. Brigita na Augustine walipita katikati yao na boksi la mbwa, wakaliweka kando ya mzani, akapiga simu.

Daktari alisikiliza dalili zote, kisha akauliza, "Leo umemkamua?"

Brigita alihisi kukasirika. "Daktari, utani una mahali pake. Mbwa anakufa."

"Mama, sitanii. Umemkamua mkojo?"

"Ndivyo asemavyo kila mtani, kwamba hatanii."

"Naapa, mama Brigita."

"Mngoni akiapa mimi nafunga mlango."

Daktari Eusebio Komba, mwenye vyeti ukutani, alikuwa amegundua kwamba hakuna neno alilonalo duniani ambalo mwanamke huyu angeliamini. Kadiri alivyozidi kuwa makini ndivyo alivyozidi kuwa mtani hodari. Halafu Brigita akamsikia anaita, "Mwanaidi, acha hicho, njoo hapa upesi."

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya Mwanaidi.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi ni mtu wa Kisiwani. Kuna utani kati ya Wangindo na watu wa Kisiwani?"

"Hakuna, mwanangu."

"Basi nisikilize mimi. Kibofu cha Sihami kimejaa. Hayo matone yasikudanganye, ni yanayofurika tu. Mkojo ukikaa ndani unaoza, ukioza unamuua. Hapa nilikuwa namkamua mimi kila siku kabla hujaja. Tumkamue sasa hivi, mimi na wewe, mikono yako na maneno yangu."

Brigita alishika ubao wa mzani. "Na baiskeli?"

"Kweli, mama."

"Na kuimba?"

"Kuimba ndiko kulikuwa utani, mama."

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kila mtu pale alikuwa amezisikia zile nyimbo za Mama Maria. Lakini aibu ilikuwa kitu kidogo, na Sihami alikuwa anahema. Alimpa Augustine simu aiweke sauti kubwa, akapiga magoti mbele ya foleni nzima ya ufuta, akamshika mbwa tumbo huku na huku.

"Mbele ya miguu ya nyuma, mama. Utasikia kitu kama embe."

"Nimelipata."

"Bana polepole. Usiachie. Endelea."

Hakikutoka kitu. Watu walikuwa wameacha magunia yao, wamejikusanya. Mpima ufuta alishuka kwenye kiti chake. Brigita alibana, jasho linamdondoka puani, na midomo ikaanza kuimba yenyewe bila idhini yake. Kisha mkojo ukaja, mwingi, mzito, wenye damu kidogo, ukaruka moja kwa moja kwenye suruali ya Augustine, ambayo alikuwa ameivaa mahususi kwa ajili ya kupima ufuta. Augustine hakusogea. "Endelea, shemeji," akasema, ameinyoosha simu. Ulipokwisha, Sihami alitoa pumzi ndefu akaweka kidevu juu ya mkono wa Brigita, na foleni nzima ikapiga makofi.

Kwa hiyo jambo lile lile alilolikimbia, kuonekana na watu anakamua mbwa, likampata mbele ya kijiji kizima, na akagundua kwamba halikumpunguza kitu.

Dawa ya kibofu ililetwa na lori la kesho yake. Tangu hapo pakawa na utaratibu: la kweli lilipitia kwa Mwanaidi, la utani daktari alilisema mwenyewe. Brigita alikamua asubuhi, mchana na jioni. Aliendesha baiskeli ya miguu ya mbwa mpaka watoto wakamwuliza amefika Lindi. Alipitisha kanga chini ya tumbo la Sihami, akaikamata juu kama mpini wa kikapu, akamtembeza uani hivyo, yeye ameinama na mbwa ananyata. Mwanzo miguu ya nyuma iliburuzika. Halafu mkia ukacheza, siku Augustine alipopita. Halafu mguu mmoja ukasukuma ardhi. Halafu, asubuhi moja, Brigita akiwa anachambua kunde, alisikia kitu nyuma yake, akageuka, akamkuta Sihami amesimama nje ya boksi kwa miguu minne, anatetemeka, amejikojolea mwenyewe bila kukamuliwa na mtu. Brigita alikaa chini akalia kwa furaha kama mtoto, hana habari na kunde.

Mpaka leo Sihami akitembea, nyuma inakwenda kushoto wakati mbele imekata shauri la kulia. Ngazi haziwezi. Lakini kubweka anajua, na nguruwe wa bondeni hawakupewa taarifa kwamba mgongo wake una skrubu. Mlango wa jiko umerudishwa mahali pake, una alama za kucha.

Mwaka uliofuata, ufuta ukiwa bado maua, Mwanaidi alipiga simu. "Mama, hii ni ya kweli. Bibi Marietha ametutoka."

Brigita alipanda lori la kwanza, Sihami miguuni. Alipofika Masoko nyumba ilikuwa imejaa, jeneza limewekwa sebuleni, na gari la kumpeleka marehemu Songea limeegeshwa mlangoni. Daktari alikuwa anapokea watu, anapanga viti, anaulizia mafuta ya gari, anashukuru kila mtu kwa jina. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni na hayana kitu. Mwanaidi alimvuta Brigita jikoni. "Tangu juzi yuko hivyo, mama. Hajalia. Hali, halali, anapanga viti."

"Niazime kanga ya bibi," Brigita akasema.

Alijifunga kanga ya marehemu, akainama kama marehemu, akaenda akagonga jeneza kwa kidole. "Nani?" akauliza kwa sauti ya Bibi Marietha, ile ile ya kukwaruza, na waombolezaji wakashtuka, kisha mmoja akaanza kucheka. Akazunguka akionja kila chungu cha msiba. "Kimejitahidi," akasema kwenye wali. "Kimejitahidi," akasema kwenye maharage. Kwenye maji ya kunywa alifikiri sana, akasema hayakujitahidi. Wanawake walishikana mabega kwa kicheko huku machozi yanawatiririka. Akatoka nje akajilaza chali mbele ya tairi za gari, akatangaza kwamba Mngoni huyu haendi popote mpaka amlipe ugali wake wote aliouhukumu bure. Sihami akalala pembeni yake. Daktari alitabasamu kwa adabu, akamwomba mtu aongeze viti.

Brigita akainuka, akajipangusa mchanga, akamwendea mpaka mbele kabisa. Alikuwa amekunja uso wake ule wa kusoma somo.

"Daktari," akasema, "nimekupima. Una matone tu pembeni ya macho. Matone yasikudanganye, ni yanayofurika. Tumbo limejaa. Nakupa maagizo: kamua. Asubuhi, mchana na jioni, mpaka yatoke yote. Yakikaa ndani yanaoza."

Daktari alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kwanza tangu juzi, na katikati ya kicheko hicho sauti ilimvunjika.

"Huo ni utani, Mngindo?" akauliza kwa shida.

"Muulize Mwanaidi."

Daktari aligeuka. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni, ncha ya hijabu mdomoni.

"Si utani, daktari," akasema.

Hapo Eusebio Komba akalia, kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu wote, na Brigita akamshika mbavu huku na huku kwa mikono yake minene asianguke. Hakumharakisha. Alipomaliza alimfuta uso kwa kanga ya mama yake, akamkabidhi kwa ndugu zake, kisha akarudi kulala mbele ya gari, maana kazi yake ilikuwa haijaisha.